Basi la Jumatatu Kabla ya Krismasi

Pudini ya Krismasi hukorogwa Jumapili moja mwishoni mwa Novemba, na kila aliye nyumbani lazima ashike mwiko. Unakoroga kutoka mashariki kwenda magharibi, unafumba macho, unaomba jambo moja moyoni na unanyamaza. Ukilisema, limeharibika. Ndivyo tulivyolelewa kijijini kwetu Hagthorpe, na hata mwaka ule wa mgomo, wakati wachimbaji walikuwa wameacha kazi tangu mwezi wa tatu na zabibu kavu zilikuwa kitu cha kuchungulia dirishani mwa duka, Glenda Hoyle aliweka bakuli mezani akaita watu wake. Ndani mlikuwa na karoti zilizokunwa, makombo ya mkate, mafuta ya ng'ombe na kiganja cha zabibu alizopewa na jirani.

"Kwa nini mashariki, babu?" aliuliza Kerry, mtoto wa pili, mwenye miaka mitano. Alikuwa amesimama juu ya kiti, mwiko umemzidi kimo.

"Kwa sababu wale wazee watatu waliompelekea mtoto Yesu zawadi walitoka mashariki," alisema Wilf, baba yake Trevor mume wa Glenda, mchimbaji mstaafu aliyekohoa kila baada ya sentensi.

"Mashariki ni wapi?"

"Huko kwa Beryl."

"Walipitia kwa Beryl?"

"Walipita mbio. Walishasikia habari za chai yake."

Ukuta kati yao na jirani yao Beryl ulikuwa mwembamba. Sauti ilitoka upande wa pili: "Nimekusikia, Wilf Hoyle!" Wakacheka wote, hata Trevor, ambaye siku hizo kicheko chake kilikuwa cha kubahatisha.

Ikafika zamu ya Dawn, mkubwa, wa miaka tisa. Alifumba macho sana, midomo ikacheza. Kerry alikuwa amemsogezea sikio.

"Nimemsikia! Ameomba baba arudi kazini!"

Mwiko ukasimama. Mwaka ule maneno hayo yalikuwa na maana mbili, na watoto wote wa Hagthorpe walizijua. Kurudi kazini mgomo ukiisha, wote pamoja, ilikuwa sala ya kila nyumba. Kurudi kazini sasa ilikuwa kupanda lile basi lenye nyavu za chuma madirishani lililopita alfajiri na polisi mbele na nyuma, na kuitwa msaliti mpaka unaingia kaburini. Wenye mgodi walikuwa wametangaza kwamba atakayerudi kabla ya Krismasi atalipwa nyongeza ya Krismasi juu ya mshahara, na kila wiki mtu mmoja au wawili walikuwa wakiinamisha vichwa na kupanda.

"Haya, imeharibika sasa," alisema Dawn, akamsukuma mdogo wake na kukimbilia juu.

Trevor alichukua mwiko, akakoroga mara moja, akauacha. Hakufumba macho.

*

Mwanzoni mwa Desemba Glenda alikwenda buchani. Wanawake wa kwetu huweka akiba ya Krismasi kwa mwenye bucha: kila wiki unaacha kidogo, na mwisho wa mwaka unachukua bata mzinga wako bila kuona uchungu. Glenda aliacha kidogo chake tangu Januari hadi mgomo ulipoanza, kisha akasimama kama wenzake wote. Sasa alipanga foleni akiwa amevaa koti lake la kanisani, kwa sababu hakutaka kuomba akiwa amevaa la jikoni.

"Nimekuja kuangalia akiba yangu, Bi. Pickersgill. Najua haitoshi bata mzinga. Nilifikiri labda kuku."

Mke wa mwenye bucha alikuwa na sauti ya kuzoea kelele za msumeno wa mifupa. "Kuku, Glenda? Mpenzi wangu, wewe ulisimama mwezi wa tatu! Kilichobaki hapa ni cha soseji." Akageukia foleni kama anayeomba ushahidi. "Si ningempa? Lakini nikimpa huyu, kesho nitampa yule, na bucha hii si ya misaada."

Watu waliokuwa nyuma waliangalia vumbi la mbao lililotandazwa sakafuni. Pembeni, akiwa ameshahudumiwa, alikuwa Yvonne Stead, ambaye mume wake Neville alikuwa amepanda basi siku chache nyuma. Kikapu chake kilikuwa na bata mzinga mkubwa, mguu mmoja umetokeza nje. Alijaribu kuusukuma ndani kwa kiwiko.

Glenda alihisi masikio yanawaka. Hakuondoka.

"Nifungie hizo soseji," alisema. "Na mifupa ya supu unitilie. Nilipokuwa nanunua ulikuwa ukinipa bure, na bado nakusudia kununua hapa miaka mingi ijayo."

Bi. Pickersgill alimtazama, akaenda nyuma, akarudi na mifupa. Ilikuwa na nyama zaidi ya kawaida, lakini hilo halikutajwa na yeyote.

*

Ijumaa ile iliyofuata Glenda alimkuta Trevor uani, anavunja mlango wa banda la njiwa apate kuni. Makaa ya mawe hatukuwa nayo; tulikaa juu yake na tulitetemeka. Njiwa wenyewe alishawauza kiangazi, na kila mtu aliyemjua Trevor alijua lile lilimgharimu nini.

"Kesho kutwa ni sherehe ya watoto ukumbini," alisema Glenda. "Nguo za Baba Krismasi nimezifua. Ndevu zimesinyaa kidogo."

"Mtafute mwingine."

"Mwingine nani? Umekuwa Baba Krismasi tangu Dawn hajazaliwa. Nani mwingine ana tumbo?"

"Tumbo lenyewe limekwisha." Alipiga ubao teke. Kisha akasema akiwa amempa mgongo, "Nimewapa wenye mgodi jina langu. Basi litapita hapa mlangoni Jumatatu alfajiri."

Glenda hakupiga kelele. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na ulikuwa unaniambia lini? Jumanne?"

"Glenda, mwanangu anaomba dua kwenye bakuli la karoti! Anavaa viatu vya watu. Mwalimu anawaita mbele wale wa chakula cha bure, wanasimama mstari wao peke yao kama wezi. Mimi ni baba gani? Nakaa lango la mgodi tangu masika, nasukumwa na polisi wa umri wa mpwa wangu, narudi nyumbani kuchoma mlango wa njiwa. Nimechoka. Sitaki kushinda chochote tena. Nataka watoto wangu wakiamka siku ya Krismasi wakute soksi zimejaa."

 Maneno mengi yalimjia Glenda na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna lililofaa, kwa sababu maneno ya Trevor nayo yalikuwa ya kweli.

"Sikufungii mlango," alisema mwishowe. "Wewe ni mtu mzima. Lakini Jumapili utavaa zile nguo. Watoto wale wanakungoja. Ukishawatazama mmoja mmoja usoni, Jumatatu ufanye unavyoona."

"Huo ni ukatili."

"Ndiyo," alisema Glenda, akaokota vipande vya ubao akaingia navyo ndani.

*

Ukumbi wa wachimbaji ulikuwa umepambwa kwa minyororo ya karatasi za magazeti iliyopakwa rangi na watoto wenyewe. Wafanyakazi wa bandari wa ng'ambo walikuwa wametuma lori la vitu vya kuchezea, na katibu wa chama cha wachimbaji, Horace Tunnicliffe, mzee mkavu asiyejua kucheka na asiyesahau kitu, alisimama jukwaani kuita majina. Kila mtoto aliyeitwa alipanda, akakaa kwenye goti jekundu la Trevor, akanong'ona.

Kumbe watoto hawakuomba makubwa. Mmoja alitaka moto sebuleni. Mwingine alitaka kaka yake aachiwe na polisi. Kerry alipopanda alimtazama machoni sana, akasema, "Unanuka kama baba yangu," na Trevor akajibu kwa sauti nzito kwamba sabuni ya Baba Krismasi inauzwa pia Hagthorpe.

Glenda alikuwa mlangoni, zamu yake, wakati Yvonne Stead alipotokea na binti zake wawili. Wamevaa makoti mapya. Hapo hapo wanawake watatu waliacha birika za chai wakaja kusimama nyuma ya Glenda. Beryl alikuwa mmoja wao.

"Umepotea njia, Yvonne," alisema Beryl. "Krismasi ya kwenu imeshalipwa."

"Siingii mimi," alisema Yvonne. Midomo ilikuwa ya bluu kwa baridi. "Watoto tu. Kila mwaka wanakuja. Wao hawakupanda basi lolote."

"Wamekula cha basi."

"Beryl," alisema Glenda.

"Usiniberyl. Mume wangu amelala mahabusu kwa ajili ya mgomo huu, na huyu anakuja kula pipi zetu?"

Glenda alijua kwamba ingekuwa juzi, angesema vilevile, na pengine vibaya zaidi. Sasa aliona Jumatatu yake mwenyewe imesimama pale kizingitini imevaa koti jipya. Aliinama akawashika wale wasichana mikono.

"Ingieni. Viatu mfute kwanza." Akageuka. "Wakidaiwa pipi, wachukue zangu na za wanangu. Nani ana neno?"

Walikuwa nalo, lakini walilimeza. Beryl alirudi kwenye birika akigonga vikombe kama anataka kuvivunja.

Glenda alimtolea Yvonne chai nje. Walisimama ukutani, pumzi zinafuka.

"Ile ya buchani," alisema Yvonne, "nilitamani sakafu ipasuke."

"Sakafu ile ingetumeza sote wawili. Nyumbani vipi?"

Yvonne alizungusha kikombe. "Tuna kila kitu. Neville anakula jikoni, mapazia yamefungwa. Mama yake mzazi amemrudishia zawadi yake bila kuifungua. Nikiingia dukani watu wanakumbuka kwamba wamesahau kitu nyumbani." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Binti yangu ameniuliza, mama, siku ya Krismasi nani atakuja? Nikamwambia Baba Krismasi. Akaniambia, mbali na huyo."

Ndani, Horace alikuwa amemaliza majina. Wasichana wa Neville hawakuitwa, kwa hiyo walisimama mahali pao, na watoto wengine waliwaachia duara kubwa la sakafu tupu. Trevor aliwaona. Aliinuka jukwaani, akashuka na gunia lake, jambo ambalo Baba Krismasi wetu hakuwahi kulifanya, akavuka ile sakafu tupu na kuwapigia magoti.

"Mnataka nini, mabibi?"

Mkubwa alijibu kwa adabu, "Hatutaki zawadi, ahsante. Nyumbani ziko nyingi. Tulitaka kuona watu tu."

Trevor alibaki pale amepiga magoti kwa muda ambao Horace aliuona ni mrefu. Ndevu za pamba zilimfunika uso, na ilikuwa heri.

*

Wakirudi nyumbani kabla giza halijashika, Dawn alitembea karibu na baba yake, Kerry akiwa mabegani amelala.

"Mimi ndiye niliyeomba urudi kazini," alisema Dawn. "Nilitaka mama asilie tena bafuni. Niliwasikia uani juzi. Sikujua kama ingekuwa basi."

Glenda, aliyekuwa nyuma, alishtuka. Alidhani maji ya bomba yanaficha sauti.

"Uliomba vizuri," alisema Trevor. "Na baba atarudi kazini. Ila atarudi na watu."

Walipofika kona alimkabidhi Glenda mtoto, akaingia kwenye kibanda cha simu. Alipiga namba aliyopewa na watu wa mgodi. Simu iliita, ikaita. Ilikuwa Jumapili, hakuna aliyeipokea. Alitoka akiwa amekunja uso.

"Basi litakuja," alisema. "Litasimama mlangoni petu, mtaa mzima utajua nilitoa jina. Tuzime taa, Glenda. Tukae chini ya dirisha kimya mpaka liondoke."

"Na likipiga honi?"

"Likipiga, lipige."

Glenda alihamisha kichwa cha Kerry kutoka bega moja hadi jingine. "Hapana," alisema. "Tukijificha, watasema Trevor Hoyle alitaka akaogopa. Kama ni aibu, tuipokee mlangoni kama mgeni mwingine yeyote. Mimi nitakuwa na wewe."

Jioni ile walimweleza Wilf. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akamtazama mwanawe kwa namna ambayo Trevor angeona heri apigwe kofi. "Uliwapa jina langu," alisema, kwa maana Hoyle lilikuwa lake kwanza. Akaenda kulala bila kumaliza chai.

*

Honi ililia alfajiri. Basi lilisimama katikati ya Mtaa wa Cutler, taa zake zimeumulika mlango wa akina Hoyle kama jukwaa. Polisi walikuwa mbele na nyuma. Kwenye kona walisimama wagomaji na Horace, wamejikunyata; walikuja kuona ni nani safari hii. Mapazia yakafunguka nyumba kwa nyumba.

Trevor alifungua mlango. Hakuvaa viatu vya kazi. Alikuwa amevaa pajama na sweta, Glenda kando yake na gauni la kulalia, amemshika mkono juu ya kiwiko.

"Hoyle?" aliita dereva, uso wake umefichwa kwa skafu. "Twende, baridi."

"Nenda zako," alisema Trevor. Sauti haikutoka vizuri. Alirudia, mtaa mzima ukasikia. "Nilitoa jina, ni kweli. Nimelichukua. Nenda."

"Unajua hawatakulipa ile ya Krismasi?"

"Najua wasichonilipa. Najua kuliko wewe."

Nyuma yao kulikuwa na kikohozi. Wilf alitoka, kofia kichwani, fulana na suruali ndefu ya ndani, miguu imepinda, akasimama upande wa pili wa mwanawe.

"Baba, suruali!" alinong'ona Glenda.

"Suruali ya nini? Basi lenyewe halijui kuona haya."

Dereva alingoja kidogo, akatia gia. Ndani ya nyavu Trevor aliona uso wa Neville Stead, ukamtazama na kisha ukageukia upande mwingine. Basi liliondoka. Hakuna aliyeshangilia. Horace alimtazama Trevor kwa muda, akatema mate pembeni, akaondoka na watu wake kuelekea langoni mwa mgodi. Mwanamume mmoja aliyewahi kufanya kazi na Trevor bega kwa bega alifunga pazia.

"Ingieni ndani, mtakufa," alisema Beryl kutoka dirishani kwake. Halikuwa neno zuri sana, lakini lilikuwa neno.

Trevor aliingia, akavaa nguo za kutosha, akachukua kipande cha mkate, akatoka kuwafuata wale wa langoni. Walimpisha mahali pa kusimama. Hawakusema naye siku ile, wala kesho yake. Alikwenda kila siku.

*

Mgomo wenyewe tulishindwa, kila mtu anajua. Mwezi wa tatu wanaume walirudi shimoni nyuma ya bendi ya tarumbeta, bendera mbele, na Trevor alikuwa katikati yao. Lakini Krismasi ilitangulia.

Asubuhi yake watoto walikuta soksi miguuni pa kitanda: chenza kwenye ncha, karanga kidogo, mwanasesere aliyetoka kwenye lile lori la ng'ambo, na penseli za rangi. Kerry alizimwaga zote kitandani, akazirudisha, akazimwaga tena. Chakula cha mchana wanawake walikuwa wamekipika ukumbini kwa wagomaji wote, bata mzinga wa msaada waliojazwa makombo ya mkate tumboni, viazi, na zile kabichi ndogo ambazo hakuna mtoto anayezipenda na hakuna mama anayekubali zikosekane.

"Tule soseji zetu hapa hapa," alisema Trevor, akiwa amekaa ngazini.

"Soseji tutakula kesho. Nimemenya viazi vya ukumbi ule tangu mwezi wa nne," alisema Glenda, akimfunga Kerry vifungo. "Leo nakula nilivyomenya, na mume wangu anakaa karibu yangu. Simama."

Walipoingia mazungumzo yalishuka, yakapanda tena polepole, yakiwapita. Walipata nafasi katikati ya meza ndefu. Mbele ya kila sahani kulikuwa na fataki ya karatasi, kama peremende kubwa iliyosokotwa ncha mbili.

"Hii inaliwa?" aliuliza Kerry.

"Inavutwa," alieleza Wilf. "Wewe unashika huku, mwenzako kule. Inalia pwaa, anayebaki na kipande kikubwa anapata kofia na kichekesho."

"Kichekesho kizuri?"

"Kibaya kabisa. Kikiwa kizuri, kiwandani wamekosea."

Fataki zikaanza kulia ukumbi mzima. Dawn alivuta na Kerry, Wilf na Glenda. Jirani wa Trevor kwenye benchi alikuwa amegeukia upande wa pili na aliendelea kugeuka huko. Trevor alibaki ameishika yake kwa ncha moja, akiigeuzageuza kama anasoma maandishi yasiyokuwepo. Glenda alianza kunyoosha mkono.

Mkono mwingine ulimtangulia, kutoka ng'ambo ya meza, mkono mkavu wenye makovu ya bluu ambayo makaa ya mawe huwaachia watu wetu.

"Hiyo haivutwi na mtu mmoja, Hoyle," alisema Horace Tunnicliffe. Hakutabasamu. "Shika vizuri. Usiachie."

"Siachii."

Walivuta. Ililia pwaa, kipande kikubwa kikabaki kwa Trevor. Alikunjua kofia ya karatasi ya kijani, akaivaa, ikamshukia masikioni. Kisha akakisoma kile kikaratasi, kwa sauti ya chini.

"Kwa nini bata mzinga hali pudini siku ya Krismasi?"

"Sijui," alisema Horace.

"Kwa sababu ameshajazwa tumbo."

Meza ikaguna, kama desturi inavyotaka. Kutoka mwisho wa ukumbi Beryl alipaza sauti, kofia ya manjano imemkaa upande: "Huku hatujasikia! Hoyle! Simama usome tena!"

Trevor alisimama, akasoma tena.